Gunia la Kwanza

3 Februari

Baba mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na nyundo yako haijawahamisha majirani wote. Mimi sijambo, mafua ya wiki jana yamekwisha. Nisalimie Shangazi, mwambie nitampigia Jumapili. Wewe najua hutaki kusikia habari za simu. Ile niliyokununulia naambiwa iko kabatini, eti huisikii ikilia na maandishi yake ni mayai ya sisimizi. Haya, tuendelee na stempu.

Baba, nina habari iliyonishinda kungoja mwisho wa mwezi. Lile gunia la majani ya bibi ulilonitumia mwaka jana, yale ya ule ua wa vichaka nyuma ya karakana, tuliyasaga, tukayaloweka kwenye spiriti, tukakamua kiini chake. Tukawapa panya wa maabara wenye kisukari kwa wiki kumi. Wenzao, wenye kisukari vilevile, hatukuwapa kitu. Unajua kisukari kikikaa mwilini muda mrefu moyo huota makovu, ukakakamaa, ukashindwa kusukuma damu. Sisi tunautia rangi, makovu yanajitokeza ya bluu.

Jana niliitazama mioyo yao kwa hadubini. Ya wasiopewa kitu ilikuwa bluu tupu. Ya waliopewa jani la bibi ilikuwa safi. Nimehesabu mara tatu, Baba. Mioyo ni mizima. Nililia palepale kwenye kiti mpaka mwenzangu wa meza ya pili akadhani nimefiwa. Sukari yao ilibaki juu kama ya wenzao, hilo bado hatulielewi, lakini mioyo ni mizima. Bibi alikuwa akiwachemshia majani haya watu wanaohema ovyo, na sisi tukimcheka.

Naomba gunia jingine kama lile, turudie jaribio kabla sijasimama mbele ya jopo la maprofesa tarehe 30 Aprili. Karatasi za kibali cha kuingiza majani huku nimezitia humu. Panya wa awamu ya pili wameshaanza kwa kiini kilichobaki kidogo, nataka nibadilishe mara gunia litakapofika.

Binti yako akupendaye

---

14 Februari

Kwako Daktari wa Panya,

Marahaba, tena marahaba. Mimi ni mzima wa kutosha, na shangazi yako ni mzima kupita kiasi, maana sauti yake hata mimi naisikia. Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Nilipotaka kumsomea shangazi yako akasema hana haja, kwani mimi nikijisomea moyoni mtaa mzima unasikia. Ndiyo hasara ya kufua bati miaka arobaini.

Hata hivyo nimewasomea wengine. Nimemsomea dobi, nimemsomea fundi viatu wa mlango wa pili, ambaye ni mgonjwa wa sukari mwenzangu, na yule mama anayeuza vitambaa. Fundi viatu aliniomba nirudie pale penye "mioyo ni mizima". Nikarudia. Sijawahi kujivuna hivi tangu nilipoweka mifereji ya mvua kwenye paa la shule.

Gunia nimelituma juzi. Mwaka huu ua umestawi, nimelijaza na kulishindilia mpaka sindano ya kushonea mdomo ikakatika. Mimi sijawahi kumkabidhi mtu ndoo inayovuja wala kipimo pungufu, na sitaanza na mwanangu.

Na mimi mwenyewe sikubaki nyuma. Nachemsha sufuria moja asubuhi na moja jioni. Ni chungu, lakini mwanamume hakunji uso. Vidonge nimevipa likizo. Vilikuwa vinanichafua tumbo, na muuguzi wa kliniki ananitazama kila mwezi kama mtu niliyemwibia. Nilijiuliza hivi: ikiwa panya asiye na kidonge moyo wake ni safi, mimi mwenye akili zangu kidonge cha nini?

Soma kwa bidii, ule vizuri.

Baba yako

---

23 Februari

Baba,

Shikamoo. Salamu zangu leo ni fupi, unisamehe.

Rudi kwenye vidonge. Leo hii, kabla hujamaliza kusoma. Vya sukari na vya presha, vyote. Nimempigia Shangazi mara nne tangu barua yako ifike, anasema unamwambia akafue nguo zake.

Nisikilize. Sikukuandikia dawa, nilikuandikia habari za panya. Hatukuwapa maji ya sufuria. Kiini kilikamuliwa kwa spiriti, kikapimwa kwenye mzani unaohisi hata pumzi, kila panya kwa uzito wake. Na nilikuambia sukari yao ilibaki juu. Maana yake ni kwamba macho yao yaliendelea kuharibika, na figo zao pia. Moyo haukai peke yake mwilini. Wewe ukiacha vidonge sukari inapanda, presha inapanda, na moyo wako unabeba vyote viwili.

Nenda kliniki kesho. Muuguzi akikutazama vibaya, mtazame vibaya nawe, lakini akupime. Niandikie namba atakayokupa. Na tafadhali, usimsomee mtu mwingine barua yangu.

Binti yako

---

12 Machi

Kwako Binti,

Marahaba. Hapa tu wazima.

Barua yako imenifikia, na nimeona jinsi unavyonipigia kelele kwa kalamu. Mimi ni kiziwi, si mtoto. Mimi ndiye niliyekufundisha kushika mkasi wa bati usijikate, leo unanifundisha kumeza. Lakini sitaki tugombane. Vidonge nimerudia. Basi, yameisha.

Kliniki sijakwenda kwa sababu ya viatu. Vile vyeusi vimebana sana siku hizi, nadhani ngozi imekauka. Fundi viatu amevitia kwenye kalibu vipanuke mara mbili bila mafanikio, akaishia kunicheka kwamba mguu unakua uzeeni. Navaa kandambili. Na kazi ya lile paa la ghala nimewaachia wengine, ngazi ya siku hizi ni ndefu kuliko ya zamani. Kitanda nacho kimebonyea katikati, kwa hiyo nalala kwenye kile kiti chenye mikono, nimeegemea, na napumzika vizuri tu.

Gunia limefika? Mioyo inasemaje? Hilo ndilo nataka kusikia, si mambo ya kliniki.

Baba yako

---

22 Machi

Baba,

Shikamoo. Mimi ni mzima wa mwili tu.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimeshika kalamu nyekundu, kama ninavyosoma kazi za wanafunzi, na nimepiga mstari sehemu tatu. Viatu havijabana, miguu imevimba. Ngazi haijarefuka, pumzi yako imefupika. Na kitanda hakijabonyea. Unalala umekaa kwa sababu ukilala chali unakosa hewa. Hayo ni maji, Baba. Moyo ukishindwa kusukuma, maji yanashuka miguuni na kupanda kwenye mapafu. Nimeyasoma haya miaka sita, sikudhani nitayasoma kwa mwandiko wako.

Shangazi amenitumia picha. Ameingia chumbani kwako ulipokuwa karakana, akafungua kopo lako la vidonge. Ni vilevile vya mwanzo wa Februari, hata karatasi ya juu haijatobolewa. Usimfokee, nilimtuma mimi. Umenidanganya, na umeidanganya barua, jambo ambalo hukuwahi kulifanya.

Sasa habari zangu. Gunia lilifika. Lakini kabla sijawabadilishia panya wa pili, msimamizi wangu aliniambia nilinganishe kwanza kiini cha magunia yote mawili. Kila kiini tunakipitisha kwenye mashine, nayo inachora vilima, kila kilima ni kitu kimoja kilichomo kwenye jani. Kiini cha gunia la kwanza kina kilima kirefu mwishoni. Cha gunia la pili hakina. Si kifupi, hakipo kabisa. Nimerudia mara tano. Msimamizi anaona nilichanganya chupa.

Kile kitawi ulichobandika kwenye gazeti ukanitumia pamoja na gunia mwaka jana, mtaalamu wa mimea alikitambua bila shida, ni jani la bibi. Gunia la pili nalo ni jani la bibi. Kwa hiyo nakuuliza mambo mawili, na nakuomba unijibu kama unavyomjibu mtu aliyekuja na ndoo yake. Utameza vidonge? Na gunia la kwanza lilitoka wapi?

Binti yako

---

7 Aprili

Baba,

Shikamoo. Siku kumi na sita, na hujanijibu.

Shangazi anasema unanyanyuka kitini kwa kushika ukuta. Anasema jana ulikaa na kikombe cha majani mkononi nusu saa kabla ya kukimaliza, kwa kuwa pumzi haikutoshi kumeza. Amekuambia sikio la kufa halisikii dawa, ukamjibu kwamba lako lilishakufa zamani. Mimi sikucheka.

Ningepanda ndege leo. Pasipoti yangu iko ofisi ya uhamiaji wanabadilisha kibali cha kukaa, hawaniachii kabla ya tarehe 18 Mei. Nimekwenda mara tatu kuwasihi. Wananipa namba ya foleni.

Nakuogopea mno, Baba. Siwezi kufanya kazi. Kama hutaki kuniambia habari za gunia, usiniambie. Gunia na lipotee, jopo na linifukuze. Nenda hospitali tu.

Binti yako

---

10 Aprili

Binti yangu,

Marahaba. Naandika kutoka wodini, kitanda cha dirishani. Usishtuke, mkono ni wangu na kalamu ni yangu. Jumatano nilianguka karakanani nikiwa nalehemu mfereji. Shangazi yako na dobi walinibeba kwenye mkokoteni. Wamenichoma sindano ya kutoa maji, nimekojoa kama bomba lililopasuka, na leo nimelala chali kwa mara ya kwanza tangu Februari. Sukari ilikuwa ishirini na tatu, wakati haitakiwi kuvuka kumi. Vidonge nameza, muuguzi anasimama mpaka nifungue mdomo aone.

Daktari amenionyesha moyo wangu kwenye kioo cha mashine. Anasema kwa kila pigo moja unatoa robo ya damu iliyomo, badala ya zaidi ya nusu. Nilimwomba aandike kwenye karatasi kwa kuwa nilidhani sikusikia.

Sasa la gunia. Nimelala na hili kifuani, zito kuliko maji.

Mwaka jana ulipoomba gunia, ua ulikuwa umepukutika kwa jua. Nilikata kitawi kizuri nikakubandikia, halafu nikachuma kila jani lililokuwapo, gunia likafika nusu. Nilikuwa nimekuahidi gunia. Nusu gunia kwa mtoto aliyewaambia maprofesa kwamba baba yake ataleta? Sikuweza. Nikapanda mpaka kwenye machimbo ya kokoto. Kule kuna kichaka kinachofanana na chetu, jani refu kidogo, harufu karibu ileile. Nikakausha pamoja, nikaponda pamoja, nikajaza mpaka juu. Nikashona mdomo nikijiambia jani ni jani.

Barua yako ya tarehe 3 iliponifikia nilisahau kabisa. Naapa. Furaha ilinifuta. Nilikumbuka uliponiuliza, na hapo aibu ikanifunga mkono. Nikawa naendelea kunywa yale ya uani, nikitumaini yataniponya kabla sijalazimika kusema. Wakati kumbe uliona mioyo ile kwa sababu ya majani ya machimboni.

Basi umeshajua. Unifokee ukimaliza. Lakini kabla hujanifokea nakuomba kitu kimoja. Ile chupa ya gunia la kwanza bado unayo. Daktari hapa anasema moyo wangu hautarudi ulivyokuwa, wao hawana cha kuurudisha. Wewe unacho. Nitumie. Sitamwambia mtu.

Panya unampa, binti yangu. Baba yako humpi?

Baba

---

17 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo, na pole. Pole mara nyingi kuliko karatasi hii inavyoweza kubeba. Sikufokei. Nilitaka, nikaandika kurasa mbili, nikazichana.

Chupa ninayo. Niliwaondoa panya wa pili kwenye jaribio tangu mashine ilipoonyesha tofauti, kwa hiyo kiini kimebaki kiasi cha vijiko viwili, kwenye friji, rafu ya juu. Barua yako ilipofika niliitoa. Nilikaa nayo mapajani saa nzima, nikapima bahasha ya kuifungia. Najua namna ya kuipitisha forodhani. Sitaki ufikiri kwamba sikutaka.

Umeniuliza swali, nami nakujibu. Unajua niliionaje ile mioyo? Siku ya mwisho ya wiki ya kumi tunawaua wote. Waliopewa na wasiopewa. Tunawafungua, tunautoa moyo, tunaukata vipande vyembamba kuliko karatasi, ndipo tunautia rangi. Hakuna panya hata mmoja aliyepona, Baba. Wale wenye mioyo safi ni maiti kama wenzao. Sijui wangeishi mwezi au siku mbili zaidi. Sijui ini lao lilikuwaje. Na hicho kichaka cha machimboni hakuna anayekijua jina, wala kinafanya nini kikikutana na vidonge vinavyokutoa maji sasa hivi. Huenda siku moja kikawa dawa. Huenda kikausimamisha moyo wako, hata hiyo robo ukashindwa kuitoa. Vidonge unavyovidharau vimemezwa na watu waliosimama wakaenda nyumbani kwao. Ndiyo tofauti yote.

Sitakutumia. Utanikasirikia, na huenda ukafa ukinikasirikia, na bado sitakutumia.

Nimemweleza msimamizi wangu kila kitu. Aliuliza kwanza kama baba yangu ni mzima. Tarehe 30 nitasimama mbele ya jopo niseme kwamba jani la bibi halijathibitika, na kwamba gunia lilichanganywa. Nitarudi nyuma mwaka mzima. Hilo naliweza.

Nisiloliweza ni lile la barua yangu ya kwanza ya Februari. Sikuandika hata mstari mmoja kuhusu vidonge vyako. Kwa mtu baki ningeandika tahadhari, ukurasa mzima. Kwako niliandika furaha. Kila nikifumba macho naiona ile barua. Wewe ulijaza gunia, Baba, lakini aliyekutoa kwenye vidonge ni mimi.

Nakuja tarehe 19 Mei. Nisubiri.

Binti yako

---

4 Mei

Kwako Binti yangu,

Marahaba. Nimerudi nyumbani tangu Ijumaa. Miguu imeshuka, naiona mifupa ya kifundo. Vidonge ni sita asubuhi na vinne jioni, shangazi yako anavihesabu kwa sauti mpaka wanaopita njiani wanaitikia.

Barua yako niliisoma wodini, na nikakasirika. Siku tatu. Nilimwambia muuguzi nina mtoto mwenye roho ya jiwe. Siku ya nne nikaisoma tena pale pa panya, nikaona aibu kwamba sikuwahi kujiuliza umewezaje kuuona moyo wa mnyama aliye hai. Nafanya kazi ya mikono, nilipaswa kuuliza. Sikuombi tena ile chupa. Sikukasirikii; kama ulitaka niandike, nimeandika.

Nilipotoka tu, kabla ya kuingia ndani, nilimwambia shangazi yako anizungushe kwa wale wote niliowasomea. Dobi hana tatizo. Mama wa vitambaa alikuwa anampelekea mumewe majani, nimemwambia aache, akanitazama kama nimerukwa na akili. Fundi viatu alikuwa ameacha vidonge wiki saba. Saba. Alinificha kwa kuwa alitaka kunishangaza kwa moyo wake mzima. Nilikaa mlangoni kwake mpaka alipovitafuta akavimeza mbele yangu, na kesho yake nikaenda tena. Nitakuwa nakwenda kila asubuhi, ni hatua ishirini, napumzika mara moja katikati. Ua nimemwambia dobi aukate mpaka chini.

Daktari hasemi uongo. Anasema nikitii naweza kupata miaka, nisipotii ni miezi, na hata nikitii hana hakika. Basi usichelewe hiyo tarehe 19.

Kuna jambo moja ulijue kabla hujafika, maana daktari atataka kukuona. Siku niliyotoka alifungua faili langu akaniuliza ni nani aliyeniambia niache vidonge, akaacha mstari mzima kwa ajili ya jibu hilo. Nilimwambia hakuna, niliamua mwenyewe. Ameshaandika kwa wino. Akikuuliza, usiniharibie.

Baba yako